Pilipili Haipokelewi Mukononi

Juma lililopita nimerudisha tabliye mbili za kuvaa jikoni, ufunguo wa depo ya chakula na mwiko murefu wa sombe. Nikatia sahihi, basi, kazi ikaisha. Yule kijana wa ofisi aliniuliza: "Mama Masika, hakuna tena kitu ya hospitali yenye iko kwako?" Nikamujibu iko, lakini sitaweza kuirudisha: ni pilipili iliyoingia chini ya kucha zangu tangu ningali na meno yote. Hakucheka. Watu wa ofisi hawacheki wakishika karatasi.

Ninyi munaobaki jikoni mumeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Haya. Mambo ya vyeo muwaulize wengine, mimi nitaandika juu ya pilipili, maana ndiyo iliyonipokea siku ya kwanza na ndiyo iliyotaka kutuua sote wakati wa vita, kisha ikabadili mawazo. Na musinisahihishie Kiswahili changu. Ni cha Bunia, kama vile fufu munayokula.

Nilianza kabla ya vita. Wazazi wangu walikuwa wametoka Butembo kuja kufanya biashara, mimi nikaolewa hapa hapa, na mutoto wangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya wakati hospitali iliponichukua. Mukubwa wa jiko alikuwa Mama Georgette. Mufupi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama kifuniko cha chupa, sauti ya kusikika mpaka kwenye sale ya wazazi, kule wanakojifungulia. Hakuniuliza najua kupika nini. Aliweka chini kinu, mutwangio na sahani moja ya pilipili mbichi, akasema neno moja: "Twanga."

Nikatwanga. Nikatwanga vizuri, nikafurahi mwenyewe. Saa sita mudogo wangu akaniletea mutoto anyonye. Nikanawa mikono kwa maji na sabuni, kama nilivyofundishwa na masista shuleni, nikampa ziwa. Ee Mungu wangu! Mutoto alipiga kelele mpaka waganga wawili wa hospitali wakaja mbio wakifikiri kuna mutu ameungua. Mama Georgette alisukuma wote, akachota mafuta ya mawese, akanipaka, akampaka mutoto mudomoni, na mutoto aliponyamaza yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya mufuko wa maharagi.

"Maji haitoe pilipili, mwanangu," akasema. "Mafuta kwanza, kisha majivu, kisha sabuni. Sasa umejifunza, hata kama haujapika kitu."

Andikeni hiyo. Mafuta, majivu, sabuni. Na musiguse macho hata kama mumenawa.

Jiko lake lilikuwa na sheria mbili juu ya pilipili. Ya kwanza, haiingii ndani ya chungu cha wagonjwa. Inakaa pembeni, ndani ya kikombe chake, na mwenye afya anajichotea. Ya pili, pilipili haipokelewi mukononi. Unaiweka mezani au chini, mwenzako anaiokota mwenyewe. Ukimupa mukononi, mutagombana kabla jua halijalala. Mimi niliyesoma kwa masista nikacheka. Siku moja nikanyosha mukono nimupe pilipili, akarudisha wake haraka kana kwamba ameona nyoka. "Masika, siye tuko wawili tu humu ndani, na kisu iko kila fasi. Weka ku meza!" Sikucheka tena. Na kweli, katika miaka yote ile hatukugombana hata mara moja kwa jambo la maana. Kwa mambo ya upuuzi, kila siku.

Wageni wanafikiri pilipili ni ya kula tu. Hapa kwetu ukisema pilipili bila kuongeza neno, watu wanaelewa ile ndogo nyekundu yenye ncha. Ile kubwa isiyouma ni pwavro, na tunaiacha kwa wenye harusi. Pilipili ni ile ya mutini, ni unga wake, ni ile iliyotwangwa na kupikwa kwenye mafuta, na ni mama mukali mwenye nyumba pia, ukimusema asipokuwepo. Mwenye mafua anainusa. Kuku akisinzia anamezeshwa. Mutoto mukubwa asiyetaka kuacha ziwa, mama yake anajipaka kidogo, na hapo nawaambia kwa ujuzi: inaachisha. Kuna hata wanaoipitisha kwa watoto upande wa nyuma, wakisema ni dawa ya tumbo, na waganga walikuwa wakitunung'unikia sisi wa jikoni kana kwamba tunagawa. Nimewaeleza wamama wengi kwamba pilipili ina mulango mumoja tu wa kuingilia, na mulango huo ni mudomo.

Halafu kuna panya. Depo yetu ilikuwa na mifuko ya unga na maharagi, na panya walikuwa wakubwa, wasio na heshima. Kila Jumamosi mimi niliweka makala, makaa ya moto, juu ya kifuniko cha zamani cha sufuria, nikamwagia pilipili kavu, nikaingiza ndani ya depo, nikafunga mulango na kuziba chini kwa kitambaa. Moshi ule usiombe uujue. Ukiingia puani, unakohoa mpaka unasahau jina lako. Panya walitoka kwa matundu ya ukuta wakikimbia kila mumoja upande wake.

Pilipili hiyo ilitoka kwa Mama Asineti. Alikuwa na shamba nje ya muji, na kila juma aliileta kwa kitunga mugongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mama yule alikuwa na mudomo! Alianza kusema tangu barabarani, na akifika mulangoni alikuwa tayari katikati ya habari. Kila neno lake la Kiswahili lilibeba luga ya kwao, ungeweza kufumba macho ukajua kijiji alichozaliwa. Mama Georgette alipomwambia kwamba pilipili ya soko la Mudzipela ni kali kuliko yake, Asineti alichukua moja mbichi, akaitafuna mbele yetu mpaka na mbegu, jicho kavu.

"Umeona? Hii njo pilipili. Ile ya bengine ni tomati zenye zimekasirika tu."

Nilimupenda sana. Nilipenda hata namna alivyotutukana.

Kisha vita ikaja. Sitaandika nani alimufanyia nani nini. Waliokuwa Bunia wanajua, na wasiokuwepo hawataelewa kwa mistari miwili. Niseme tu kwamba muji ulipokonywa mara nyingi, na kila wenye kuukamata walikuwa na watu wao wa kuwinda. Mwezi huu upande huu, mwezi mwingine upande mwingine. Watu walitoka Mongbwalu kwa miguu wakajaa uani kwetu, tukapika uji kwenye mapipa. Siye tuliendelea kwenda kazini, maana wagonjwa hawakuacha kuwa na njaa.

Mwezi walipowindwa watu wa upande wa Mama Asineti, hakuja. Nikafikiri amekimbilia Mambasa kama wengine, au jambo baya zaidi ambalo sikutaka kulifikiri. Mama Georgette hakumutaja hata mara moja, na hiyo iliniuma. Tena nikaanza kumuona anafanya vitu vya ajabu. Kila muchana alichota sahani moja, akaifunika, akapeleka pembeni, na hakuweka pilipili. Yeye, ambaye hakuweza kula hata ndizi bila pilipili! Nikajisemea, maskini, amepata kidonda cha tumbo na anaona haya. Na Jumamosi, nilipotaka kufukuza panya, akaniambia makala ni kidogo. Jumamosi iliyofuata akaniambia: "Acha. Panya nayo imekimbia vita."

Lakini mimi nilikuwa nimeona mavi yao juu ya mifuko.

Jumamosi ya tatu Mama Georgette aliitwa na mukubwa wa hospitali, akatoka haraka, akaacha ufunguo kwenye musumari. Nikaona, basi, nimufurahishe. Nikatengeneza moto, nikatia pilipili kavu ya kutosha, ya mwisho mwisho aliyotuletea Mama Asineti, nikasukuma kifuniko ndani ya depo bila kutazama, nikafunga, nikaziba. Nikarudi kuchambua majani ya muhogo ya sombe, naimba.

Nikasikia kikohozi.

Panya hakohoi. Nilisimama na majani mukononi. Kikasikika tena, kimezibwa, kama mutu anayekohoa ndani ya muto. Nikafungua mulango, moshi ukanipiga usoni, na nyuma ya mifuko ya unga akatoka mutu anatambaa kwa magoti, macho yamefungika kwa kuvimba, kitenge amekiuma katikati ya meno ili sauti isitoke. Alikuwa Mama Asineti. Nilikuwa nimemuchoma kwa pilipili yake mwenyewe.

Nilimuvuta mpaka karibu na meza. Kabla sijafikiri la kufanya, Mama Georgette aliingia mbio, na nyuma yake Muzee Pascal, mupasua kuni wetu, anahema.

"Banakuja!" akasema Muzee Pascal. "Iko na bunduki, bamesha kuanza ku sale ya wanaume. Banauliza kila mutu jina yake na kijiji, na banasikiliza luga."

Mama Georgette aliona moshi, akamuona Asineti chini, akaniona mimi. "Masika, umefanya nini?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kumurudisha depo haikuwezekana tena, kikohozi kingemutoa. Kumutoa uani haikuwezekana, wangemuona. Na ikiwa angejibu neno moja tu, wangejua.

Kosa lilikuwa langu, kwa hiyo akili ilinijia haraka kuliko kawaida yangu. Nikamuvalisha tabliye yangu ya pili, nikamukalisha mbele ya kinu, nikamupa mutwangio. Kisha nikachukua pilipili yote kavu iliyobaki kwenye kikombe, nikaimwaga ndani ya moto wa jiko.

Waliingia wanne. Hawakufika hata katikati ya nyumba. "Nini hii?" mumoja akauliza, na hapo hapo akaanza kukohoa. Sote tulikohoa, machozi yanatiririka, Muzee Pascal ameshika ukuta.

"Tunafukuza panya, baba," Mama Georgette akasema. "Njo kazi yetu kila Jumamosi."

"Majina!"

Mimi nikasema langu, katikati ya kikohozi. Mama Georgette akasema lake. "Na weye?" akamuuliza Asineti. Asineti alifungua mudomo, kikatoka kikohozi tu.

"Huyo ni bubu," Mama Georgette akasema. "Hasemi tangu kuzaliwa."

Walitoka wakijifuta macho na kutukana. Mulangoni yule mukubwa wao akageuka: kesho watakuja kula, na chakula kiwe kingi. Hivyo uongo wa Mama Georgette ukawa umetufunga. Walikuwa wamemuona Asineti jikoni, akikosekana kesho watauliza. Ilibidi abaki, na abaki bubu.

Mama Georgette alimupaka mafuta ya mawese kope zote mbili, polepole, kama alivyompaka mutoto wangu. Mimi nilisubiri amalize, kisha nikamuuliza: kwa nini hakuniambia? Miaka yote ile tunakula sahani moja!

Hakunitazama. "Mudogo wa bwana yako iko anabeba bunduki pamoja nabo."

Ilikuwa kweli. Shemeji yangu alikuwa amechukuliwa, au amejipeleka, hatukujua vizuri. Nikamuambia mimi si shemeji yangu. Akasema: "Najua, Masika. Nilijua. Lakini niliogopa, na mutu mwenye kuogopa hajue tena kitu." Nililia siku ile, na haikuwa kwa sababu ya moshi. Leo, nikiwa nimezeeka kama yeye wakati ule, simulaumu. Sijui kama mimi ningemuambia yeye.

Basi tukaishi hivyo zaidi ya mwezi. Wenye bunduki walikuja kila muchana, na Asineti alitwanga, alisonga fufu, aliosha sufuria, bila neno. Hata tulipokuwa peke yetu hakusema, maana kuta za mbao zina masikio na uani palijaa watu. Niliona anavyofungua mudomo na kuufunga tena. Mwanamuke aliyeweza kusema tangu shambani mpaka sokoni bila kuvuta pumzi! Chakula chake tulimuwekea pilipili sasa, maana kikohozi hakikuwa tena hatari, na alikula ameinamisha kichwa.

Mumoja wao hakuamini. Tulimuita Miwani, kwa sababu alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alipita nyuma ya Asineti akapiga makofi ghafula. Aliangusha sahani kusudi. Asineti alishituka kama mutu yeyote, lakini sauti haikutoka. Muchana mumoja Miwani alimaliza kula, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Mutu akichomwa analia na luga ya mama yake," akasema. "Hata bubu. Tutasikia."

Akachota pilipili mbichi tano kutoka kwenye sahani, akazinyosha kwa Asineti juu ya kiganja. "Pokea. Kula."

Na Asineti, mbele ya bunduki, akarudisha mukono wake nyuma. Kisha kwa kidole akagonga meza mara mbili: weka hapa.

Nikajisemea, sasa tumekwisha; mutu mwenye hofu anapokea hata moto, huyu anachagua! Mama Georgette alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili. Miwani alitazama kile kidole. Akatazama pilipili juu ya kiganja chake. Polepole akaanza kucheka.

"Bibi yangu alikuwa hivi hivi," akasema. "Pilipili mukononi, hapana! Alinipiga juu ya hiyo." Akaziweka mezani, moja moja, kwa mupango, kama mutoto aliyefundishwa.

Asineti akaokota ya kwanza. Akatafuna mpaka na mbegu. Ya pili. Ya tatu. Nilimuona jasho linatoka juu ya mudomo, shingo inameza, lakini jicho lilikuwa kavu. Ya nne, ya tano. Kisha akafungua mudomo, akamuonyesha ulimi mutupu.

Miwani alivua miwani. Alikuwa mudogo kuliko tulivyofikiri. "Hii hata haiume," akasema, akaokota moja kutoka kwenye sahani, akaitafuna kwa nguvu mbele ya wenzake.

Basi akaruka. Akashika mudomo, akazunguka jiko, na akalia, akamuita mama yake kwa luga yao kabisa, ya kijiji chao, sote tukaisikia. Wenzake walicheka mpaka wakaegemea bunduki. Alikimbilia ndoo. "Maji hapana, baba!" Mama Georgette akamushika bega, akamupa kijiko cha mafuta ya mawese, akamupa na ndizi, akamupangusa pua kwa tabliye. Alikaa pale ananyonya ndizi na machozi. Tangu siku ile hakumujaribu Asineti tena, na akifika alimusalimia kwa kuinamisha kichwa. Sijui alipoishia. Wakati mwingine namufikiria, na simufikirii kwa chuki, mutanisamehe.

Mwishowe waliondoka. Askari wa kigeni walikuwa wameingia mujini, na asubuhi moja Muzee Pascal alizunguka hospitali yote na barabara ya chini, akarudi akasema hakuna hata mumoja wao. Siku ile Asineti hakusema. Tukadhani anahakikisha. Siku ya pili hakusema. Mama Georgette alimushika mikono: "Asineti, imeisha. Sema hata kidogo. Unitukane." Asineti alifungua mudomo, akaufunga. Mama Georgette alikuja kwangu nyuma ya depo, amekunja uso. "Masika, nilisema ni bubu. Mungu amesikia mudomo wangu?" Nilimwambia aache upuuzi, lakini mimi mwenyewe sikulala.

Siku ya tatu, saa sita, tulikaa watatu kula, fufu na sombe na kikombe cha pilipili niliyoitwanga asubuhi. Asineti alikata tonge, akachovya, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akanitazama mimi. Sauti iliyotoka ilikuwa imekwaruza, ndogo, na luga yote ya kwao imo ndani.

"Masika. Hii pilipili yako haina chumvi. Tangu siku ya kwanza haina chumvi."

Mama Georgette alijifunika uso kwa tabliye, mabega yakaanza kutikisika. Mimi nilisimama nikaenda depo kutafuta chumvi, nikakawia kule, maana nilipaswa kulia kwanza. Nilipotoka na kopo mukononi, Mama Asineti alikuwa bado anasema.